Ukanda wa Pili Bawani

9 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Foleni ya malori Malaba imerudi nyuma mpaka kupita shule ya msingi, nami nimetuma habari hiyo kwa mara nyingine. Mhariri wa Nairobi amenijibu kwa mstari mmoja: "Tumechoka na malori. Hakuna kitu kingine kinachovuka huo mpaka wenu?"

Jioni Eriaku akapiga simu.

"Shemeji, amefika."

"Nani?"

"Mgeni wangu. Yule mdogo. Ameingia bila pasi na hakuna askari amemsimamisha."

Eriaku ni mume wa mdogo wangu Nerima. Anaendesha lori la petroli kutoka Eldoret hadi Kampala. Kila Oktoba hunieleza habari za ndege anayekaa kwenye miti ya kijito nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya Malaba. Miaka yote nimeitikia na kusahau, kwa sababu Eriaku ni mtu wa maneno mengi. Safari hii nimemjibu mhariri kwamba kipo kitu kingine. Nitamfuata ndege huyo mpaka aondoke, na nitaandika hapa ninachokiona mwenyewe.

12 Oktoba

Kwa Eriaku. Miti ni mikuyu na mizambarau, imesongamana kando ya maji, si msitu mkubwa. Nerima alituletea chai tukaenda nayo huko huko.

"Usianze na rangi," Eriaku aliniambia. "Anza na kazi yake. Anakaa wima kwenye kitawi kilicho wazi. Anaruka, ananasa mdudu hewani, anatua kwingine. Akitua anapandisha bawa moja, shemeji. Moja tu. Kama mtu umemuuliza deni lake akainua bega."

Jina lake ni mkamata-nzi wa nusu kola. Huzaliana Bulgaria, Uturuki na milima ya Kaukazi, na baridi ya huko ikikaribia huja kwetu. Eriaku alifundishwa na watafiti waliowahi kutega nyavu hapa kwake. Walimwachia darubini, naye huivaa shingoni hata akienda kunywa chai. Nimeandika maelezo yake kama alivyoyatoa. Msimu huu dume na jike wanafanana: mgongo wa kijivu kilichochanganyika na kahawia, tumbo jeupe lisilo safi, na kiraka cheupe kwenye bawa. Dume hubadilisha manyoya kuanzia Januari, na kufikia Machi mgongo ni mweusi, paji la uso ni jeupe, na kola nyeupe inaanza shingoni kisha inakatikia njiani.

"Kwa hiyo sasa hivi usitafute kola," alisema. "Mtu akikwambia ameona kola Oktoba ama Novemba, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia."

Ana ndugu wawili wanaofanana naye sana. Wakiwa katika manyoya haya ya kahawia, alama ya kuwatenga ni ukanda wa pili. Juu ya kiraka cha bawa kuna mstari mwembamba mweupe, kana kwamba mtu amepitisha chaki mara moja. Ndugu zake kwa kawaida hawana.

Mlio mfupi ulisikika juu yetu. "Yupo," Eriaku alisema kabla sijaona kitu. Nikamtafuta, nikampata. Ni mdogo kuliko shomoro. Bawa lilipanda, moja. Kiraka nilikiona. Ukanda sikuuona.

"Mimi nauona," alisema. Hakuinua darubini.

17 Oktoba

Mvua. Hakuna cha ndege.

26 Oktoba

Nilidhani nimempata mwenyewe, nikamwita Eriaku kwa fahari. Ndege wa kahawia, wima, ananasa nzi.

"Anarudi tawi lile lile?" Eriaku aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigogo akinitazama mimi, si mti.

"Kila mara."

"Kifuani ana michirizi?"

"Anayo."

"Bawani kuna weupe?"

"Hakuna."

"Huyo ni mgeni mwingine, naye anatoka Ulaya. Wangu hana michirizi, na hana mazoea ya kurudi tawi lile lile. Shemeji, na wewe ni mwandishi wa habari! Siku moja utaandika mchungaji ni mshukiwa."

Nerima alicheka mpaka akamwaga maharagwe aliyokuwa akichambua. Nilikubali kosa. Mtu huyu anajua anachosema.

2 Novemba

Hii nitaiandika kwa urefu.

Mvua ilikatika kabla ya adhuhuri, jua likatoka kali na upepo ukaanza. Eriaku alinyoosha mkono kuelekea mkuyu ulio mbali.

"Yupo. Leo amejitokeza kweli kweli." Akainua darubini. "Wacha! Mgongo mweusi tii. Na ile kola, iko wazi. Shemeji, njoo uone kola."

Nilichukua darubini nikatazama pale pale. Kwenye tawi hakukuwa na ndege. Kulikuwa na mfuko wa plastiki, ile mifuko myeusi iliyopigwa marufuku upande wetu na ambayo bado huvushwa kutoka Uganda kila siku. Upepo ulikuwa umeunasa tawini. Umechanika katikati, mwanga unapita kwenye mchaniko, na upepo ukivuma upande mmoja unapanda na kushuka.

"Unaona anavyopandisha bawa?" alisema.

"Ukanda wa pili upo?" nilimuuliza.

"Upo."

Nikasema nimeona. Ni uongo, lakini nilitaka kufikiri kwanza. Mtu aliyenifundisha nisitafute kola Novemba ameiona kola Novemba. Hakuwa akinidanganya. Alikuwa akiona kitu cheusi kinachocheza, na mengine akiyajaza kutoka kichwani. Nikakumbuka siku zilizopita: darubini isiyoinuliwa, mlio unaotangulia neno "yupo", maswali ya michirizi ambayo mtu mwenye macho asingehitaji kuuliza.

Alipoingia ndani kulala niliuangusha ule mfuko kwa ufito mrefu wa kuangulia maembe, nikautia kwenye mkoba wangu.

Keshokutwa anapeleka petroli Kampala.

3 Novemba

Nimemuuliza Nerima, tukiwa jikoni.

"Anasoma meseji za simu mwenyewe?"

"Ananipa mimi. Anasema maandishi yamekuwa madogo siku hizi."

"Na chai?"

Aliendelea kukatakata sukuma. "Anamimina akisikiliza, dada. Kikombe kikijaa kinabadilisha sauti. Na usiku taa ya gari ikija anafunika uso."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Ungenishauri nini? Nimnyang'anye funguo?"

Nilimwambia ndiyo. Aliniambia nimnyang'anye mimi.

4 Novemba

Nilisimama Malaba mahali malori yanapopanga foleni. Eriaku alifika nyuma ya lori la Okiria, dereva mwenzake wa kampuni moja. Kwenye foleni, kila Okiria aliposimama, taa zake nyekundu ziliwaka mara mbili kabla. Okiria alikuwa akimwongoza mwenzake kwa breki. Nilimkuta hotelini akila ugali wa muhogo na samaki.

"Yoga, mama," alinisalimu, akasogeza benchi.

"Okiria, Eriaku haoni."

Aliendelea kutoa miba. "Anaona kiasi. Taa anaziona. Barabara anaijua kuliko mke wake."

"Na mtoto akikatiza barabarani?"

"Mimi niko mbele. Nikiona kitu nampigia honi. Sisi madereva wazee tunabebana hivyo, mama. Mimi nilipoumwa mgongo, yeye ndiye alikuwa anafunga na kufungua vifuniko vya tangi langu miezi yote hiyo. Sasa leo nimkatae?" Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mtu wa gazeti. Ukiandika hii, umetumaliza sisi wote wawili."

"Sitaandika. Nitamwambia yeye."

"Hapo ndio utajua hujui."

Sijaona urafiki wa namna hii mara nyingi. Huu utaua watu.

9 Novemba

Eriaku alirudi salama. Baada ya kula nilitoa ule mfuko nikauweka mezani mbele yake.

"Nini hii?" Aliupapasa. "Karatasi?"

"Ndege wako wa Jumamosi iliyopita. Huyu ndiye aliyekuwa na kola."

Nerima alisimama, akakaa tena. Eriaku aliukunja mfuko ule polepole mpaka ukawa mdogo.

"Umenitega, shemeji."

"Sikukutega. Wewe ndiye uliniambia Novemba hakuna kola."

"Upepo ulikuwa mwingi. Mtu yeyote—"

"Nerima amevaa gauni la rangi gani?"

Aligeuza uso upande wa Nerima. Kisha alianza kupaza sauti. Kwamba nimezoea kuchimba maisha ya watu. Kwamba ameendesha lori tangu nikiwa naomba kazi ya kupeleka chai ofisini. Nilimwacha amalize. Alipomaliza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Baba yangu alikuwa na presha ya macho," alisema. "Walimpeleka hospitali, wakampima, wakamwambia amechelewa. Akarudi nyumbani kipofu, tofauti ni kwamba sasa alikuwa anajua. Alikaa pale mlangoni akiuliza ni nani anapita. Mimi sitaki kuambiwa, shemeji. Nikiambiwa imekwisha."

"Na wenye barabara?"

"Safari moja tu. Nimalizie mzigo wa wiki ijayo, niombe likizo vizuri."

Nilikataa. Akaniambia nisirudi tena pale na macho yangu mazuri.

13 Novemba

Mvua. Kimya. Nerima hapokei simu.

15 Novemba

Simu ya ofisini: lori la mchanga limelala barabarani upande wa Uganda, kwenye mteremko kabla ya Tororo, na nyuma yake kuna malori ya mafuta. Nilivuka kwa bodaboda. Njiani sikuandika kitu chochote, jambo ambalo si kawaida yangu.

Lori la mchanga lilikuwa limefunga barabara. Dereva wake alikuwa amekaa kivulini akipaka maji kwenye kiwiko kilichochubuka. Baada ya lori lake lilikuwa limesimama lori la Okiria. Baada ya la Okiria, la Eriaku. Kati ya bampa hizo mbili ningeweza kupitisha kiganja, si zaidi. Nyuma ya Eriaku kulikuwa na basi la abiria, na abiria walikuwa wameshuka wanapiga picha na kununua ndizi.

Eriaku alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, viatu matopeni.

"Ni wewe, shemeji?" aliuliza, nikiwa nimesimama karibu kabisa naye.

"Ni mimi."

"Sikuona hata kidogo. Nilisikia breki za Okiria. Nimesimama kwa masikio." Alikunjua mkono. Haukuwa na funguo. "Nimempa Okiria. Nimempigia bosi mwenyewe, nimemwambia ukweli wote, atume mtu mwingine achukue hii gari. Na Okiria nimemwambia asinibebe tena."

Okiria alikuwa pembeni ya lori lake akitazama ile nafasi ya kiganja. Hakunisalimu.

Habari niliyotuma ilikuwa ya sentensi tatu: lori limeanguka, hakuna majeruhi mkubwa, barabara imefunguliwa alasiri. Lisilotokea haliingii gazetini. Nimeliweka hapa.

19 Novemba

Kliniki ya macho. Mimi, Nerima na Eriaku, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametania mtu. Daktari anaitwa Amuron, mwanamke mfupi asiye na haraka. Alimtia matone, akamwekea kidevu kwenye chombo, akapima, akapima tena. Nerima aliangalia ukuta.

"Mzee, nani alikwambia una presha ya macho?"

"Hakuna. Ni ya kwetu. Baba alikuwa nayo."

"Wewe huna. Iko sawa kabisa. Hii yako ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, imekomaa. Hiyo tunatoa."

Nerima alikaa sakafuni, ingawa benchi lilikuwa tupu.

Daktari hakutuacha tufurahi moja kwa moja. Alisema ukungu huo unamzuia kuona vizuri nyuma ya jicho. Mpaka utoke, hawezi kuahidi.

Eriaku alipofuta machozi ya matone alisema, "Daktari, mimi na huyu mama tulishafunga hesabu ya watoto. Huyu amepitia wapi?" Ni mzaha wake wa kwanza wa siku. Nimeuhesabu kuwa habari njema.

30 Novemba

Nimeruhusiwa kurudi kijitoni. Eriaku yuko nyumbani akisubiri zamu ya upasuaji. Anakaa mlangoni, jambo ambalo Nerima halipendi kwa sababu ya yule baba.

"Yupo?" ananiuliza nikirudi.

"Yupo. Karibu na maji."

"Ukanda wa pili?"

"Sijauona."

"Basi andika hujauona. Usiniongezee."

11 Desemba

Jana jicho la kulia, leo wamefungua bandeji. Dk. Amuron alitazama ndani muda mrefu. "Nyuma ni safi," alisema.

Eriaku alikuwa ameikodolea macho leso ya Nerima.

"Kumbe hii ni ya bluu?"

"Uliinunua wewe," Nerima alimwambia. "Ukaniambia ni ya bluu kama sketi yangu ya shule."

"Basi imerudi."

Nilitoka nje kwa kisingizio cha simu.

25 Desemba

Nyama, kelele, jamaa. Eriaku amekatazwa vumbi na moshi, kwa hiyo amekataa kazi zote.

11 Januari

Jua kali. Ndege sijamwona tangu mwaka mpya. Nilimwambia Eriaku kwamba huenda ameondoka.

"Hajaondoka. Angalia vizuri."

"Nimeangalia vizuri."

Aliniuliza nimetazama wapi na wapi. Zamani angebisha.

18 Januari

Amepatikana kwa jirani yao Ikapel, chini zaidi ambako maji hayajakauka. Kichwani ameanza kuwa na mabaka meusi. Ni dume, basi. Eriaku alipiga goti lake kwa kiganja mara kadhaa.

28 Januari

Jicho la kushoto. Salama.

15 Februari

Siku ya kwanza Eriaku kwenda kijitoni bila kushikwa mkono. Ndege amerudi kwenye miti ya nyumbani. Nilikwenda na Cindy, mpigapicha wetu wa Busia, kwa kuwa mhariri anataka picha. Eriaku aliinua darubini na kukaa nayo machoni mpaka nikadhani anaumwa.

"Amevaa nusu nguo," alisema mwishowe. "Mgongo una viraka kama ng'ombe. Bawa la kushoto ukanda wa pili upo. La kulia umekatika katikati. Kuna unyoya mmoja ametupa, mpya bado unaota."

Nilitazama. Kwanza sikuona. Kisha ndege akapandisha bawa la kulia na nikauona ukanda, mwembamba, na pengo katikati yake. Tangu Oktoba nimekuwa nikitafuta mstari mnene kuliko huo.

Hilo la pengo haliko katika kumbukumbu ya mtu yeyote. Hata hivyo ushahidi wa mtu mmoja haunitoshi, na macho yangu yalikuwa yameshaambiwa watafute nini. Nilimwomba Cindy aikuze picha kwenye kamera.

"Eti pengo?" Cindy alisema. "Aki mzee, umeonaje kutoka huku? Liko hapa."

"Mimi nimewekewa vioo vipya machoni," Eriaku alimwambia. "Wewe bado unatumia vya zamani."

8 Machi

Mgongo mweusi. Paji jeupe. Kola inaanza shingoni na kukatikia njiani. Eriaku alinitajia kila kitu, kisha akageuka na kukagua mti mzima kama kuna mfuko wowote. Hakuna.

14 Machi

Amepimwa macho kwa ajili ya leseni. Amesoma ubao mpaka mstari wa chini kabisa, na Nerima anasema alitaka kuendelea na jina la kiwanda lililochapwa pembeni. Kampuni ilikuwa imemweka uwanjani kupanga magari. Bosi amesema atamrudisha barabarani mwezi ujao, kuanzia na safari za mchana.

22 Machi

Mvua kubwa zimeanza. Watu wamelima. Makala imekwenda Nairobi, na mhariri ameipunguza nusu, lakini ukanda wa pili ameubakiza. Habari za macho ya mtu hazimo. Eriaku aliisoma mwenyewe, kwa sauti, na kunisahihisha mahali pawili.

29 Machi

Yupo. Anakula sana, haachi hata nzi wa zizini. Okiria alikuja kumtazama kwa mara ya kwanza. Alisema ni mdogo mno kwa kelele zote hizi. Eriaku alimpa darubini, akamshika bega na kumwelekeza, kisha wakabaki wamesimama hivyo baada ya ndege kuruka.

2 Aprili

Eriaku alipiga simu asubuhi, kabla ya safari yake ya kwanza. Nilisikia injini ya gari lililokuja kumchukua na Nerima akimwambia amesahau chakula.

"Shemeji, ameondoka."

"Una hakika?"

"Nimezunguka miti yote, mpaka kwa Ikapel. Nimetazama tawi kwa tawi." Nilimsikia akipokea chakula chake. "Hayupo."

Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniambia neno hilo. Nimeliandika bila kwenda kuhakikisha.